Leseni ya rubani binafsi kutoka Wilson, na hesabu ya kumiliki Cessna: shajara ya mradi

14 Oktoba 2023. Saa za kuruka: 0. Jumla ya gharama: sh 78,000

Nakaa Kitengela. Tangu tuhamie hapa mwaka 2015, ndege ndogo za mafunzo hupita juu ya paa letu zikitoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda kufanya mazoezi upande wa kusini, na kila moja ikipita natoka nje kuitazama hadi ipotee. Nina miaka 43, ni fundi mitambo katika kiwanda huko Athi River, na mwezi uliopita niliuza ploti yangu ya Isinya. Tulikaa na mke wangu tukaigawa ile fedha: karo ya watoto kwanza, halafu urubani. Sisomei ajira. Nataka leseni ya rubani binafsi, ile inayokuruhusu kurusha ndege bila kulipwa, kisha nataka kujua kama mtu wa mshahara anaweza kumiliki ndege ndogo, peke yake au na wenzake.

Naiweka shajara hii kwa sababu nilipotafuta habari kama hizi kwa Kiswahili nilikosa, na nyingi nilizozipata kwa Kiingereza zimeandikwa na watu wanaorukia viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Mwalimu wangu, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano ambaye namwita Kapteni naye ananiita Mzee, aliniambia siku ya kwanza kwamba tofauti hiyo ndiyo itakayonifundisha kuliko yeye.

Masharti ya KCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya) kwa ufupi: angalau saa 40 za kuruka, 10 kati yake ukiwa peke yako ndani ya ndege, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari, ikiwemo safari moja ya angalau maili 150 za baharini yenye kutua viwanja viwili tofauti. Juu ya hapo kuna mitihani ya darasani, leseni ya redio, kipimo cha Kiingereza na cheti cha afya cha daraja la pili.

Ndege ni Cessna 152: viti viwili, injini ya nguvu farasi 110. Saa moja na mwalimu ni sh 21,000. Nimetumia sh 15,000 kujiandikisha, 28,000 vitabu na ramani, na 35,000 kwa hedifoni ya mtumba.

2 Desemba 2023. Saa: 4. Jumla: sh 185,500

Nimekosea mpangilio, na atakayenifuata asirudie. Nilianza kuruka kabla ya kwenda kupimwa afya. Hilo linaruhusiwa maadamu uko na mwalimu, lakini huwezi kuachiwa ndege peke yako bila cheti, na kama daktari angekuwa na sababu ya kunikatalia kabisa, zile sh 84,000 za saa nne za kwanza zingekuwa zimekwenda na maji.

Nilifanya kosa jingine juu ya hilo: nilikwenda kwa daktari asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikiwa nimekunywa vikombe vitatu vya kahawa ili nisisinzie kwenye matatu. Shinikizo la damu likapanda kupita kiasi. Daktari, ambaye ni mmoja wa wale walioidhinishwa na KCAA, hakuniandikia cheti. Alinitaka nipimwe tena siku tatu mfululizo, halafu nimwone mtaalamu wa moyo. Vipimo vyote vilikuwa sawa, ila nilipoteza wiki tano na sh 9,500 juu ya ile 14,000 ya kipimo cha kwanza.

Basi nenda kwa daktari kwanza, kabla hujalipa hata shilingi ya shule. Nenda ukiwa umelala. Na kama unavaa miwani kama mimi, tengeneza ya pili kabisa, maana cheti chako kitakutaka uwe na ya akiba ndani ya ndege.

Mvua za El Niño za mwezi Novemba zilikula siku nyingine sita.

20 Januari 2024. Saa: 11. Jumla: sh 332,500

Kupaa, kuteremka, kukata kona, kwenda polepole: haya yamekwenda kama vitabu vinavyosema. Kilichonishika ni injini, na kwa fundi kama mimi hilo liliniuma.

Jumamosi ya tarehe 6 nilifanya ukaguzi wa magneto kabla ya kuruka. Injini ya ndege ina magneto mbili zinazowasha plagi, kila moja na mfumo wake. Unapandisha injini hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, unazima moja kisha nyingine, na kutazama mizunguko inashuka kiasi gani. Kwa 152 isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Ya kushoto ilishuka 200 na ndege nzima ikatetemeka kama gari lililokwisha plagi. Nilidhani tumerudi nyumbani.

Kapteni aliuliza swali moja tu. "Mzee, kile kitufe chekundu umekiweka wapi?"

Kitufe chekundu ni cha kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Nilikuwa nimekisukuma ndani kabisa tangu kuwasha, maana ndivyo nilivyosoma: kupaa, mafuta yote. Lakini kwenye futi 5,500 hewa ni nyepesi. Karbureta inaendelea kumimina mafuta yaleyale ya usawa wa bahari, hewa haitoshi kuyachoma, na masizi yanajaa kwenye plagi. Nilikuwa nimekaa dakika kumi na mbili kwenye foleni nyuma ya ndege mbili za kwenda Maasai Mara, injini ikiunguruma polepole na kujipaka masizi muda wote.

Dawa yake ilichukua dakika mbili. Tulipandisha hadi 1,800, tukavuta kitufe taratibu mpaka mizunguko ikapanda na sauti ikanyooka, tukaacha plagi zipate joto na kujisafisha. Tulipopima tena, ya kushoto ilishuka 75. Tangu siku hiyo natembeza ndege ardhini kitufe kikiwa kimevutwa, na kabla ya kuachia breki nasukuma throtoli (ya kuongeza nguvu ya injini) mwisho na kuvuta kitufe mpaka nipate mizunguko ya juu kabisa. Kitabu cha Cessna 152 chenyewe kinaagiza hivyo kwa viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Nilikuwa nimeupita mstari huo mara mbili bila kuuona.

Jioni nilipiga hesabu yote. Joto ambalo vitabu vya urubani hulichukulia kuwa la kawaida kwenye futi 5,500 ni kama nyuzi 4. Siku ile kulikuwa na 28. Kila nyuzi inayozidi inaongeza kama futi 120, kwa hiyo kwa injini na mabawa ni kana kwamba uwanja uko futi 8,400. Kitabu kinasema 152 hupanda futi 715 kwa dakika ikiwa usawa wa bahari. Tulipopaa, mshale ulikaa 300. Na kwa uzito wangu na wa Kapteni hatuwezi kujaza tangi zote mbili bila kuvuka kilo 757, ambazo ndizo kikomo. Sasa napima mizigo kwenye mizani ya bafuni. Hata vitabu.

10 Machi 2024. Saa: 17. Jumla: sh 470,500

Bei ya saa imepanda hadi sh 23,000. Dola ilipita shilingi 160 mwezi Januari, na mafuta, vipuri na bima vyote hununuliwa kwa dola.

Jumanne ya tarehe 5, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria iliyokuwa inaelekea Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya ile ya abiria kuondoka Wilson. Dash 8 ilirudi ikatua salama na watu 44. Waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walifariki. Mungu awarehemu.

Nilikuwa kazini. Mke wangu alinipigia simu mara tano kabla sijapokea, ingawa alijua kwamba siku hiyo siruki. Usiku aliniambia, "Baba watoto, sikuambii uache. Nataka tu unieleze unafanya nini ili umwone mwenzako huko juu." Sikuwa na jibu la kutosha, na ndiyo maana wiki hii sikuruka. Nilikaa na Kapteni chini ya ramani kwa saa mbili.

Nilichokosa ni redio. Nilikuwa nasikiliza jina la ndege yangu peke yake, na yote mengine yakinipita kama kelele. Kumbe kila anayeongea anakuambia alipo. Wilson ina njia mbili za kurukia zinazokatana, 07/25 na 14/32, na ndege za watalii, za mizigo, za madaktari na za wanafunzi zote ziko kwenye masafa mamoja ya redio. Mwanafunzi anayesikia jina lake tu ana picha ya ndege moja angani.

Tulichofanya: mke wangu amekuwa mnara. Nimemwandikia maneno ya waongoza ndege kwenye karatasi, anayasoma kwa kasi huku akipika, akichanganya ndege nne, nami natakiwa kujibu ya kwangu na kumwambia wale wengine watatu wako wapi. Punje za maharage mezani ndizo ndege. Mara ya kwanza nilimpoteza mmoja ndani ya dakika. Sasa tunakwenda dakika nane. Na hewani nimeanza kugawa anga vipande na kukitazama kila kipande kikatulia machoni, badala ya kuzungusha kichwa haraka bila kuona kitu.

8 Juni 2024. Saa: 20. Jumla: sh 539,500

Mafuriko ya Aprili na Mei yalitukatia barabara nyumbani na kututia mawingu angani. Wiki tisa bila kuruka. Saa tatu za kwanza baada ya hapo, sh 69,000, zilikuwa za kurudia nilichokijua Machi. Kama una fedha za saa kumi tu, usizitawanye miezi mitano. Kusanya za ishirini, ruka mara mbili au tatu kwa wiki, na ukwepe Aprili.

20 Julai 2024. Saa: 26. Jumla: sh 677,500

Saa sita nzima za kutua, na kwa saa nne nilikuwa naharibu tu.

Ilikuwa hivi. Nakaribia uwanja, kila kitu kimepangika, noti 60 kwenye mshale (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Nikifika juu ya ukingo wa njia, ardhi inanijia kwa kasi kuliko nilivyozoea machoni, mkono unavuta usukani wenyewe, kasi inaanguka, ile filimbi ya onyo iliyo kwenye bawa inaanza kulia, na Kapteni anasukuma throtoli tunarudi hewani. Mara nyingine navuta kwa nguvu zaidi, ndege inapanda kama puto, kisha inadondoka kwa magurudumu yote. Kuna mtuo mmoja wa tarehe 29 Juni ambao bado nausikia mgongoni.

Nilifikiri tatizo ni mikono. Lilikuwa macho, na jibu ni ileile hewa nyepesi. Mshale wa kasi hupima msukumo wa hewa, hauhesabu mbio za ardhi. Kwenye hewa ya Wilson mchana wa nyuzi 25, mshale ukionyesha 60 ndege kwa kweli inapita hewani kwa karibu 68. Bawa halijali, bawa linataka ile 60 ya mshale. Lakini jicho linaona 68 na kukuambia unakwenda mbio, punguza. Ukilitii, unapunguza hadi mahali ambapo bawa haliwezi tena kukubeba. Wanaojifunzia Mombasa hawapati udanganyifu huu kwa kiasi hiki.

Tulitibu kwa njia tatu. Kwanza tulipanda hadi futi 8,500 juu ya nyika ya kusini, nikaendesha polepole kabisa mpaka filimbi ilie, mara kumi na tano, nikijifunza ndege inavyolegea mkononi kabla ya sauti. Pili, kila nikikaribia kutua nasema kwa sauti, "uwanja, mshale, uwanja, mshale," na jicho linafuata mdomo. Tatu, na hii ndiyo iliyofungua mlango: Kapteni aliniketisha ndani ya ndege iliyosimama kwenye njia ya pembeni kwa dakika kumi, injini imezimwa, nitazame tu mwisho wa uwanja na pua ilipo dhidi ya upeo wa macho. "Hiyo ndiyo picha ya magurudumu yakiwa chini. Ukiiona, umefika. Kabla ya hapo bado."

Jumamosi hii nilitua mara saba. Tano zilikuwa zangu kweli. Mawingu ya chini ya Julai hayapandi hadi saa nne au saa tano, kwa hiyo usipange kitu cha mapema.

17 Agosti 2024. Saa: 27. Jumla: sh 700,500

Leo Kapteni alishuka.

Tulikuwa tumetua mara tatu, akaniambia nisimame pembeni, akafungua mlango injini ikiwa inaunguruma, akaufunga mkanda wa kiti chake vizuri usije ukanasa usukani. Alinigonga begani mara mbili. Hakusema kitu, akaenda zake kwenye nyasi.

Ndege ilipaa kabla sijaiambia. Bila uzito wake ilinyanyuka mapema na kupanda kwa futi 500 kwa dakika, nikajikuta kwenye urefu wa kuzungukia uwanja nikiwa bado sijamaliza kukata kona. Hilo hakuna aliyenitajia, kwa hiyo nalitaja. Kwenye upande wa kurudi niliiona mbuga yote, na mbali kabisa mabati ya Kitengela yakimeta. Sikuweza kulitambua letu. Nilisema "uwanja, mshale" mpaka koo likakauka. Nilitua. Mara moja tu, dakika tisa.

Mke wangu na watoto walikuwa kwenye uzio. Mdogo aliniuliza kama niliogopa. Nilimwambia nilikuwa na kazi nyingi.

23 Novemba 2024. Saa: 46. Jumla: sh 1,177,000

Mitihani ya darasani imekwisha (sh 60,000 pamoja na masomo), na safari ndefu ya peke yangu nimeifanya: Wilson, Amboseli, Kilaguni (ndani ya Tsavo Magharibi), Wilson, kama maili 255 za baharini.

Maandalizi ya mafuta niliyafanya kwa kijiti cha kupimia, sikuziamini geji. Tangi mbili zilizojaa zina lita 92 zinazotumika, injini inakunywa kama 24 kwa saa, na safari ingechukua chini kidogo ya saa tatu. Nilibaki na saa moja ya akiba, na sitaki kwenda chini ya hapo.

Kwenda ni rahisi: barabara ya Namanga chini ya bawa, Kajiado, Bisil, kisha weupe wa Ziwa Amboseli lililokauka, unaouona ukiwa mbali mno. Kilimanjaro ilikuwa imefunikwa kiunoni, Kibo peke yake imejitokeza juu. Nilipita chini juu ya uwanja mara moja kuangalia wanyama, nikazunguka, nikatua.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilizima injini, nikazima redio, nikakaa kwenye kivuli cha bawa kunywa maji na kuutazama mlima. Sikuwa nimemjulisha mtu yeyote kwamba nimetua. Kwenye uwanja usio na mnara hakuna anayekuona, na mpango wako wa safari unabaki wazi mpaka uufunge mwenyewe. Simu ilikuwa haina mtandao pale niliposimama. Dakika arobaini baadaye askari wa mbuga alikuja na pikipiki kuniuliza kama mimi ndiye yule anayetafutwa kutoka Nairobi. Shule ilikuwa imeshaanza kupiga simu huku na huku, na simu iliyokuwa inafuata ni ya mke wangu.

Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye ubao wa gotini, chini ya kila kiwanja: NIMETUA. NANI ANAJUA? Redio haizimwi kabla ya swali hilo kujibiwa.

Kutoka Kilaguni nilirudi na Chyulu kushoto kwangu, kisha Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, barabara ya Mombasa na reli ya SGR zikinishika mkono mpaka Athi River. Nilipita juu ya kiwanda chetu zamu ikibadilishana.

15 Februari 2025. Saa: 55. Jumla: sh 1,425,000

Nina leseni. Ilichukua mitihani miwili ya hewani.

Katika wa kwanza mkaguzi alivuta throtoli juu ya nyika karibu na Konza na kusema injini imekufa. Nilichagua kiwanja kizuri, kirefu, karibu na barabara, nikakiendea moja kwa moja bila kujiuliza upepo unatoka wapi. Ulikuwa nyuma yangu. Upepo wa mgongoni unakusukuma mbele kama mtu aliye kwenye mteremko: nilifika juu sana, nikakipita kiwanja chote nikiwa bado futi 300 hewani. Kama ingekuwa kweli tungeishia korongoni. Alinirudisha Wilson na kunipa karatasi ya kurudia sehemu hiyo moja. Gharama ya kurudia, pamoja na saa mbili za mazoezi, ilikuwa sh 81,000.

Kati ya mitihani hiyo miwili nilijizoeza kitu kimoja tu, na kwa sehemu kubwa nilijizoeza nikiwa chini: popote nilipo, upepo unatoka wapi? Moshi wa bomba la kiwanda, vumbi nyuma ya ng'ombe, nguo kwenye kamba, upande wa bwawa ulio laini (maji yaliyo karibu na ukingo unaotoka upepo huwa hayana mikunjo). Watoto wamenizoea, tukiwa njiani wananijibu kabla sijauliza.

Sheria inasema saa 40, mimi nimetumia 55. Nikitazama nyuma, saa 3 ni za mafuriko, 4 za macho kunidanganya, 3 za mtihani uliorudiwa na mazoezi yake. Zilizobaki ni umri.

24 Mei 2025. Kununua: hesabu ya kwanza

Tuko watatu: mimi, daktari wa mifugo na muuza vipuri vya magari, wote tulikutana darasani. Tumeanzisha chama chetu. Kuna Cessna 172 ya mwaka 1979 inayouzwa dola 48,000, injini ya Lycoming O-320, nguvu farasi 160, viti vinne. Kwa dola ya shilingi 129, kila mmoja wetu angetoa karibu milioni 2.06. Yangu ingetoka kwenye mkopo wa sako.

Tuliulizia bei kwa watu halisi, tukapata hivi. Kwa mwaka, iruke isiruke: maegesho sh 180,000, bima 260,000, ukaguzi wa mwaka pamoja na cheti cha ubora wa kuruka 350,000. Jumla 790,000. Kwa kila saa inayoruka: lita 34 za avgas (petroli ya ndege) kwa sh 290 ni 9,860, oili 500, ukaguzi wa kila saa 50 tukiugawa ni 1,200, na akiba ya kufumua injini. Kufumua na kuijenga upya tumeambiwa milioni 4.5, na mtengenezaji anapendekeza ifanyike kila saa 2,000, kwa hiyo niliweka 2,250 kwa saa. Jumla 13,810.

Kukodi 172 ni sh 24,000 kwa saa. Tofauti ni 10,190, na ukigawa 790,000 kwa hiyo unapata saa 78 kwa mwaka. Watatu tukiruka saa 30 kila mmoja tumeshapita. Nililala nikiwa na furaha kubwa.

5 Julai 2025. Kununua: hesabu ya pili

Aliyeiona hitilafu ni fundi wa ndege tuliyemwajiri kuikagua, mzee aliyefanya kazi Wilson tangu kabla hajazaliwa mwanangu wa kwanza. Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliweka kidole kwenye 2,250. "Hii injini ina saa ngapi?"

Ina saa 1,870.

Hesabu yangu ilikuwa ya injini mpya. Hii imebakiza saa 130, na aliyetumia zile 1,870 hakutuachia akiba yoyote. Milioni 4.5 ukizigawa kwa saa 130 ni zaidi ya sh 34,600 kwa saa, peke yake, juu ya mafuta. Kwa mwendo wetu wa saa 90 kwa mwaka, bili hiyo ingetufikia ndani ya miezi 18. Inawezekana kuitumia injini kupita saa zile ikiwa bado nzima, kwa ndege isiyo ya biashara, lakini huwezi kuijengea bajeti bahati.

Kisha akapima silinda. Unafunga mpira wa hewa mahali pa plagi, unaingiza hewa kwa msukumo wa paundi 80 kwa inchi ya mraba, geji ya pili inakuonyesha silinda inashikilia kiasi gani. Tatu zilishika 72, 74 na 73. Namba tatu ilishika 56. Akaniambia nitie sikio kwenye bomba la moshi. Hewa ilikuwa inatoka, shhh nyembamba kama kettle kabla haijachemka. Ikisikika kwenye mdomo wa oili, ringi zimekwisha. Ikisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea moshi haifungi. Hii ilikuwa valvu.

Ndege hiyo pia ilikaa Pwani miaka kadhaa. Alipofungua kifuniko kilicho chini ya bawa la kushoto na kumulika tochi, kulikuwa na unga mweupe kwenye misumari ya alumini: kutu ya chumvi. Na kwenye vitabu vya matengenezo kuna miezi 14 isiyo na ukurasa. Muuzaji anasema kitabu kilipotea walipohama. Inawezekana ni kweli, lakini hatutalipa dola 48,000 kwa miezi tusiyoijua.

Tumeachana nayo. Ukaguzi ulitugharimu sh 45,000, kumi na tano kila mmoja, na ndizo fedha ninazozifurahia kuliko zote nilizotumia tangu Oktoba 2023. Daktari wa mifugo alihuzunika sana. Alikuwa ameshachagua rangi.

2 Agosti 2025

Chama kinaendelea. Kila mwezi kila mmoja anaweka sh 40,000, na wakati huohuo tunakodi 172 kwa kununua saa kumi kwa pamoja, jambo ambalo limetushushia bei hadi 22,500.

Kuna ndege nyingine, ya 1978, injini yake ina saa 610 tangu ijengwe upya, na imekaa bara maisha yake yote. Safari hii hatujaenda kuiona. Tumeomba vitabu vyake vyote vya matengenezo kwanza, na mwenye ndege amekubali kupiga picha ukurasa kwa ukurasa. Picha 212 ziliingia kwenye simu jana usiku. Nimefika ya 90, na tarehe bado zinafuatana.